Mafuta Kwenye Nati

Watu wakisikia nafanya kazi ya roketi wananiangalia kama mtu aliyeenda mbinguni akarudi mikono mitupu. Pale tunapoteka maji, Soweto West hapa Kibera, kuna mama mmoja huniuliza kila tukikutana kama tumeshafika mwezini. Namjibu bado, tumefika Kawangware. Yeye anacheka mpaka foleni nzima inageuka, mimi nabeba mtungi wangu naenda zangu. Sina nguvu ya kueleza mambo asubuhi.

Naitwa Nelima na kazi yangu ni kuosha mabomba. Usinitafutie sifa nyingine. Hesabu za angani sizijui, sijui setilaiti inazungukaje huko juu bila kuanguka, na kusema kweli sijawahi kuota nyota hata siku moja. Mimi huota nimelala.

Mwenye roketi ni Injinia Mulei, mtu wa Machakos, mwembamba, na shati lake moja la buluu analivaa mpaka unalionea huruma. Alikodi uwanja wa zamani wa watengeneza viti huko Kawangware, akauzungushia mabati, akaandika kwenye geti jina refu ambalo majirani walikataa kulisoma. Wao wanasema kwa kina roketi, basi. Na roketi yenyewe si ile ya kwenye televisheni, nene kama ghorofa. Ni mabomba. Bomba moja unaweza kulikumbatia, juu lina oksijeni, katikati mafuta taa, chini injini ndogo. Ukitaka roketi kubwa unafunga mabomba mengi pamoja, yote sawasawa, kama mtu anavyofunga mzigo wa miwa, halafu setilaiti ndogo unaikalisha juu. Mulei anasema hapo ndipo penye ujanja: huhitaji kiwanda kikubwa, unahitaji bomba moja zuri na uvumilivu wa kulirudia. Huo uvumilivu wa kurudia ndio sisi tuliajiriwa kuuleta.

Sasa, ile oksijeni si hewa ya kawaida. Imepozwa mpaka ikawa maji, inaletwa na lori, inatoa moshi mweupe wa baridi. Nayo ina adui mmoja tu hapa duniani, mafuta. Itakutana na mafuta taa, ndiyo, lakini ndani ya injini peke yake, mahali ambapo moto unatakiwa. Kwingine kote, kwenye bomba, kwenye vali, kwenye meno ya nati, hata alama ya kidole kilichoshika chapati inatosha kulipua kitu. Chuma chenyewe kinawaka. Mulei alituonyesha picha za mahali fulani ng'ambo, vali ilivyobaki baada ya mtu mmoja kusahau kitambaa chenye grisi. Tangu siku hiyo hata lotion nimeacha, mikono yangu imepasuka kama ya mtu anayechimba mawe.

Ndiyo maana kuna chumba cha kuosha. Kiko pembeni mwa uwanja, hakina dirisha, mlango wake mmoja. Humo naosha kila bomba na kila nati kwa maji moto na sabuni ya dawa, kisha spiriti, kisha napuliza hewa kavu. Nikimaliza nazima taa ya kawaida nawasha nyingine ya zambarau. Kukiwa na mafuta popote yatang'aa kibuluubuluu, na hapo naanza tena. Kikiwa safi nakifunga kwa nailoni, nakiweka rafuni nje ya mlango. Halafu kingine. Halafu kingine tena. Yote yanafanana, huwezi hata kujidanganya kwamba unasonga mbele.

Kazi hii niliipata kupitia baba mkwe wangu, Mzee Shivachi. Yeye ni fundi wa vyuma tangu zamani, alitengeneza milango na matangi ya maji huko Kawangware kabla Mulei hajamkuta. Pale kwenye roketi alikuwa anakata mabomba, anayakunja, anachonga meno ya kufungia nati. Mume wangu, Shiundu, ni mtoto wake. Shiundu alianguka kwenye mjengo akaumia kiuno, na tangu hapo yuko kitandani, akiamka amejitahidi. Kwa hivyo nyumba yetu inakula kutoka mikono ya watu wawili, mzee na mimi, na mikono yote minne iko kwa Mulei. Hilo likae akilini mwako.

Na hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu watu wengine wanatuona vichekesho. Kwetu Magharibi mwanamke na baba ya mume wake wana heshima yao. Hatushikani mikono. Siketi kitini pake, yeye haingii chumbani kwangu. Hatukai wawili peke yetu mahali palipofungwa. Hanikosoi usoni, mimi simfundishi kitu. Kibera nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anasema pole, lakini heshima tumeibeba hivyohivyo. Mzee amekodi chumba chake ng'ambo ya mtaro, chakula nikipika Shiundu anajikokota kumpelekea. Asubuhi tunatoka sote kwenda kazini, tunapanda hadi kituo cha Olympic, tunavuka Ngong Road, tunashuka Kawangware, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Kule kazini akimaliza bomba analiweka mezani, anaondoka, ndipo mimi nakuja kulichukua. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Eddah, na Eddah ananiambia. Eddah ni msichana wa watu wa Homa Bay, amesomea mitambo, ndiye anayefunga vali na kuziendesha siku za majaribio. Mwanzoni alituuliza kama tumegombana.

Siku Mulei alipotufundisha habari za mafuta, sote tuliitwa ndani ya chumba cha kuosha, kwa sababu ile taa ilikuwa humo. Sote isipokuwa mzee. Yeye alisimama nje karibu na mashine yake ya kukunjia, kofia mkononi. Pale ni pahali pa mke wa mtoto wake, angeingiaje humo? Mulei alimwita, mzee akasema anasikia kutoka pale pale. Mulei alidhani ni aibu ya kizee, akaendelea. Akazima taa, akatuonyesha tone la mafuta linavyong'aa, akabandika tangazo kubwa ukutani, humo humo ndani. Alipotoka akamuuliza mzee kama amesikia. Mzee akasema amesikia. Alisikia sauti, hilo sikatai.

Jaribio la kwanza liliharibika kwa sababu ya nati. Meno makavu ya chuma kigumu kama chetu yakisagana kwa nguvu huwa yanang'atana, na nati ikishang'ata haitoki wala haiingii. Eddah alihangaika nayo na spana mpaka akakata vali nzima kwa msumeno. Wageni waliokuja kutazama walikunywa soda wakaondoka. Mulei alikuwa amemaliza kila alichonacho kwenye mabomba yale, gari alishauza, na siku hiyo alihitaji mtu wa kumlaumu. Akasema mbele ya uwanja mzima kwamba pengine meno yalibaki na uchafu, kwamba huenda anayeosha analala kazini. Kulala nilikuwa nalala, sitasema uongo. Shiundu maumivu yakimshika hatulali nyumba nzima, na mara mbili tatu Eddah alinikuta kichwa kwenye beseni. Lakini nati zilikuwa safi. Mulei akasema safari nyingine kikiharibika kitu upande wa kuosha, Nelima atafute kazi kwingine. Mzee alikuwa kwenye mashine yake. Hakugeuka, lakini mashine alikuwa ameizima.

Basi nikaosha upya kila kitu. Sikulala kazini tena, nilikuwa najimwagia maji usoni nikiona macho yanafumba. Nilikuwa naangalia kila nati kwa taa mara mbili, nafunga nailoni, naweka rafuni, nikifika nyumbani napika huku nimeegemea ukuta. Shiundu alikuwa ananiambia niache hiyo kazi. Nikamuuliza tule nini, roketi? Akageukia ukuta. Nilijuta kumjibu hivyo, lakini sikuwa na nguvu ya kuomba msamaha, nikampa uji wake nikalala.

Siku ya jaribio la pili haikuwa ya kuwasha moto. Ilikuwa ya kupitisha oksijeni tu kwenye mabomba, kuona kama vali zinafunguka na kufunga inavyopaswa kwenye baridi ile. Mulei alisema hiyo ni salama kufanyia hapo hapo uwanjani kama kila kitu ni safi. Nyuma ya mabati yetu kuna nasari, watoto walikuwa wanaimba alfabeti. Wageni wa wafadhili walikuja, wengine wale wale wa kwanza, wakapewa kofia ngumu na viti vya plastiki. Lori la oksijeni likaingia kinyumenyume. Mulei alikuwa amevaa shati lile la buluu, limepigwa pasi, anatembea huku na huku bila kufanya kitu.

Eddah alikuwa juu ya kichanja cha chuma, anafunga nati moja moja. Mimi nilikuwa chini nampokeza zikiwa kwenye nailoni, anafungua nailoni mwenyewe na glavu zake. Alikuwa na furaha siku hiyo. Akaniinamia akasema:

"Aki Nelima, leo umezifanyia nini hizi nati? Zinaingia tu zenyewe, hata spana sijaihitaji."

Alinisifu, na mimi nikaacha kumpokeza. Nati kavu haiingii yenyewe. Nati yangu inalia, inakwaruza, unaisukuma kwa roho ngumu, na hivyo ndivyo unavyojua ni safi. Nilimwambia anipe moja. Akauliza kwa nini, nikamwambia anipe tu. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikazima taa, nikawasha ile ya zambarau.

Meno yote yaling'aa buluu. Hayakuwa na tone lililoanguka kwa bahati mbaya. Yalikuwa yamepakwa vizuri, kwa kidole, kuanzia jino la kwanza hadi la mwisho, na ziada ikapanguswa, kama anavyofanya mtu anayejua kazi. Nikavua barakoa nikanusa. Mafuta ya cherehani yaliyochanganywa na ya injini kidogo. Harufu hiyo naijua, iko kwenye makoti ya mzee ninayoyafua kila Jumapili. Ana kopo lake dogo, halimtoki mfukoni.

Nikakaa kwenye ndoo. Mambo yote yalinijia pamoja na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Mzee ndiye anayefika wa kwanza, ufunguo wa geti uko naye. Ameona nati rafuni, kavu, na kwa fundi yeyote wa zamani nati kavu ni nati ambayo mtu amesahau kuipaka mafuta. Kwake kumaliza kazi bila mafuta ni kama kumpa mgeni kikombe kisichooshwa. Aliona jaribio la kwanza, nati ikang'ata, nikagombezwa. Akasema moyoni, mke wa Shiundu amechoka, anasahau mafuta. Na kwa kuwa hawezi kuniambia usoni kwamba nimekosea, wala hataki kumtuma Eddah nikaaibika mbele ya msichana mdogo, amekuwa anafungua nailoni zangu asubuhi kabla sijafika, anapaka, anafunga tena vizuri, bila neno. Alikuwa ananisitiri. Haki ya Mungu, nilitaka kucheka nikaona kicheko hakiko.

Nilikuwa na hasira pia, tena nyingi. Nilimkasirikia mzee na kopo lake, Mulei na tangazo lake la kubandika ndani, na sisi wote na heshima yetu ya kupitisha maneno kwa mlango wa nyuma. Wiki hizo zote ningemwambia tu, baba, usiguse nati. Maneno matatu. Sikujua kama yanahitajika, naye hakujua kama anaharibu, kwa sababu hatukuwa na pahali pa kuzungumza.

Nje nilisikia mtu wa lori anauliza kama wafungue. Nikatoka mbio, na mimi huwa sikimbii. Nikamshika Mulei mkono wa shati.

"Wasifungue. Kuna mafuta kwenye nati."

Nilisema chinichini. Lakini Mulei alishtuka, akapiga kelele funga, funga, mwambie Eddah ashuke, na wageni wote wakasimama na kofia zao. Eddah alishuka kama aliyesahau miguu yake. Akaangalia glavu zake, akazivua, akazitupa mbali, akaja kusimama nyuma yangu. Watoto wa nasari walikuwa wamefika herufi ya mwisho, wakaanza upya.

Mulei aliichukua ile nati akaingia nayo chumbani kuangalia. Alipotoka alikuwa na sura ya mtu aliyezeeka humo ndani. Aliuliza ngapi ziko hivyo. Nikasema sijui, zinafanana, itabidi kufungua zote na kuosha zote. Mgeni mmoja akamuuliza mwenzake kitu kwa Kiingereza, mwenzake akatikisa kichwa. Mulei aliona. Akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa.

"Sehemu ya kuosha ni ya nani?"

"Ni yangu."

Akasema basi, alishanionya, leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Akasema angeniheshimu kama ningemwambia nimeshindwa, lakini msichana wa watu alikuwa juu ya kile kichanja. Nilitazama chini. Ni kweli, Eddah alikuwa juu.

Hapo mzee akaja. Alipita katikati ya wageni bila kuwaangalia, amevua kofia, akasimama mbele ya Mulei. Sikuwahi kumwona karibu hivyo mchana. Ana kovu la moto kwenye shavu ambalo sikulijua.

"Injinia, huyu mama umwache. Ni mimi nilizipaka."

Mulei akamwekea mkono begani, kwa upole kabisa, na akasema mzee, naelewa, ni mke wa mtoto wako, hata mimi mama yangu angefanya hivyo. Mzee akasema si hivyo, alizipaka kweli, alikuwa anakuja asubuhi. Alitoa na kopo mfukoni akaonyesha. Lakini nani hana kopo la mafuta pale uwanjani? Yeye mwenyewe anaitia mashine yake mafuta mbele ya watu kila siku. Mgeni mmoja alitabasamu, kama mtu aliyeona kitu kizuri cha Kiafrika. Ningempiga na spana.

Mulei akanigeukia.

"Nelima, niambie ukweli. Ni mzee amepaka?"

Nilichotakiwa kusema ni ndiyo, neno dogo, na kazi yangu ingebaki. Mzee mwenyewe alikuwa ananingoja niseme, alinipa uso wake wote, jambo ambalo hajawahi kufanya. Na mimi nilipiga hesabu yangu hapo hapo nimesimama. Mzee akitolewa pale, nani mwingine Nairobi hii atamchukua, macho yale, mgongo ule? Mimi nitapata nguo za kufua Olympic, nitapata ofisi ya kudeki, mikono bado ipo. Na kuna hili lingine. Nikimtaja baba ya Shiundu mbele ya wageni kwa kinywa changu, kwamba yeye ndiye karibu amuue mtoto wa watu, nitarudi nyumba ile kupika na kumtumia sahani kwa uso gani? Kila mlo ungekuwa kesi. Usidhani nilikuwa mwema. Nilikuwa nimechoka, nikachagua uchovu ninaoujua.

"Mzee ananitetea tu," nikasema.

Mzee akisema tena ni yeye, ataniita mwongo mbele ya watu, na hilo hawezi. Nilijua hawezi. Nilimfunga kwa heshima ile ile aliyonipakia nati.

Lori likaondoka na oksijeni yake. Wageni wakapewa soda tena. Mulei aliwasindikiza hadi getini, akarudi, akakaa kwenye kiti kimoja cha plastiki katikati ya vile vilivyobaki. Eddah alikuja akanishika mkono.

Baadaye Mulei aliniita. Alisema hana mtu wa kuosha, na hawezi kuleta mgeni asiyejua mabomba. Mabomba ya kukata yameisha mpaka jaribio litakapofaulu, mzee yuko tu, basi ataosha mzee. Akasema amefanya hivyo ili kazi ibaki nyumbani kwetu, na alisema kwa nia njema, alikuwa anangoja nishukuru. Nikashukuru. Akaniomba kitu kimoja kabla sijaenda, nimwonyeshe mzee kazi.

Kwa hivyo nikaenda kusimama ndani ya chumba, nikaacha mlango wazi hadi mwisho. Mzee alifika akasimama kizingitini, hakuvuka. Eddah alikuwa mbali, anateremsha nati kutoka kwenye kichanja anazitia kwenye karai, hakukuwa na mtu wa kumtuma.

"Ingia, baba," nikasema.

Aliingia kama mtu anayeingia mochari. Hakujua aangalie wapi, na kwa kutojua akaangalia ukuta, akakuta lile tangazo. Anasoma polepole, mdomo unatembea. Hakuna mafuta ya aina yoyote, hakuna grisi, hatari ya kulipuka. Aliyasoma yote hadi mwisho. Halafu akashika ukingo wa meza.

"Mama Derrick," akasema. Ndivyo anavyoniita akizungumza na wengine, kwa jina la mtoto wangu. Mimi mwenyewe hakuwahi kuniita. "Mimi nilidhani umesahau."

"Najua."

"Nilitaka wasikugombeze tena."

Nilimwambia najua, na tusilie hapa, machozi pia ni uchafu, nitalazimika kuosha meza. Alicheka kidogo, kicheko cha kikohozi. Nikamweleza kazi. Nilimwambia maji yawe moto kiasi gani, sabuni iende wapi, kwamba spiriti itamwuma mikononi na asipake kitu hata ikimwuma. Kopo alilitoa mwenyewe mfukoni, akaenda kuliweka nje kwenye udongo, akarudi. Alisikiliza vizuri. Ni fundi, ukimwambia kitu mara moja kimeingia. Nilifikiria wakati wote ule ambao ningemwambia mara moja.

Eddah alileta lile karai mlangoni, nati zote ndani yake, zimepakwa, zimelala pamoja. Hakuna aliyejua ni ngapi zilikuwa mbaya, kwa hivyo zote zilikuwa mbaya. Niliosha ya kwanza yeye akitazama. Ya pili aliosha yeye, nikazima taa tukaangalia, ikabaki na buluu kidogo mizizini mwa meno, nikamwambia arudie. Nilimwambia hivyo hivyo, rudia, kama ningemwambia mtu yeyote. Akarudia. Ikawa nyeusi yote, safi. Aliigeuza mkononi muda mrefu.

"Kwa nini hukusema ni mimi?" akauliza.

Ningeweza kumpa sababu. Nilikuwa nazo, nimekueleza. Lakini nilipotafuta nguvu ya kuzisema sikuipata, nikaendelea kupanga beseni.

Mzee akauliza jambo lingine, ambalo naona ndilo lililokuwa linamsumbua zaidi.

"Nyumbani tutamwambia nini Shiundu?"

"Mwambie nilichoka," nikasema. "Hiyo ataiamini."

Nikampa glavu mpya, nikamwonyesha zinavyovaliwa bila kuzigusa kwenye vidole, na tukaendelea na nati iliyofuata.